Jembe Nyuma ya Mshahara: Utubora Mkulima kwa Macho ya Kyela

Katika Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert iliyotolewa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi wake kufariki, limo jambo moja ambalo wasomaji hulipita upesi kwa kuwa laonekana dhahiri. Utubora yumo Unguja katika kazi ya mshahara. Tajiri wake, Ahmed, hataki kumpoteza, naye yu tayari kumwongeza fedha. Utubora aikataa nyongeza, aaga, aenda zake Busutamu kushika jembe. Walimu wamezoea kulifundisha jambo hili kama sifa ya kazi ya mikono na lawama ya tamaa, na kitabu chenyewe chawaunga mkono. Hata majina, Utubora na Busutamu, yamekwisha toa hukumu kabla ya kisa kuendelea.

Usomaji huo si makosa. Walakini waliacha swali moja bila kuulizwa: mshahara ule na jembe lile vina uhusiano gani? Kitabu chavitenga kama mchana na usiku. Upande mmoja kuna mji, tajiri, hesabu na wasiwasi. Upande wa pili kuna shamba, jasho na raha ya nafsi. Mtu huchagua kimoja akaacha kingine. Sasa, katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki mambo hayakuwa hivyo. Mshahara na jembe vilikaa katika nyumba moja, na mara nyingi katika mikono ya mtu yule yule, kwa zamu, mwaka kwa mwaka. Pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa ni mahali pafaapo sana kulitazama swali hili, kwa sababu watu wake hawakufukuzwa kwao na ubovu wa ardhi.

Bonde la Kyela liko chini, kiasi cha mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, limeinamiwa na vilima vya Rungwe upande wa kaskazini na Milima ya Livingstone upande wa mashariki. Mto Songwe walitenga na Malawi. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kuacha udongo wao bondeni kabla ya kuingia ziwani. Mvua ni nyingi mno, na mwezi wa Aprili mara nyingine maji huingia hata majumbani. Huko huota mpunga ambao mchele wake hutajwa kwa jina mpaka Dar es Salaam kwa sababu ya harufu yake, na pamoja nao migomba, michikichi na kakao. Mgeni akiambiwa kwamba mahali hapa ndipo palipotoa vijana wengi kwenda kuuza nguvu zao mbali, atadhani amesikia vibaya.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wanyakyusa walipanda kwa miguu kupita Tukuyu na Mbeya hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya. Wengine walivuka mpaka kwenda kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakaandikishwa na Wenela kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, hata njia hiyo ilipofungwa na serikali baada ya Uhuru wa Tanganyika. Hawakwenda kwa njaa. Walikwenda kwanza kwa kodi. Tangu Wajerumani walipoanzisha kodi ya kibanda mwaka 1898, ndizi na maziwa, hata yakijaa nyumba, hayakutosha kumfanya mtu awe huru mbele ya mtoza kodi. Walikwenda kwa nguo. Na walikwenda kwa ng'ombe.

Hilo la ng'ombe lahitaji maelezo, maana ndimo uliomo ufunguo wa mambo. Godfrey na Monica Wilson, ambao walikaa Unyakyusa kati ya miaka 1934 na 1938, waliandika kwa makini jinsi mali ilivyoshikwa huko. Ng'ombe walikuwa wa baba. Kijana alimlimia baba yake, naye baba, kwa wakati wake, alimtolea mahari. Tena kulima kwa jembe zito kulikuwa kazi ya wanaume, si ya wanawake kama ilivyo katika makabila mengi jirani. Wanawake walikuwa na kupanda, kupalilia na kuvuna. Kwa hiyo kijana alipoondoka kwenda Lupa, kilichoondoka shambani kilikuwa jembe lenyewe. Na aliporudi na fedha aliweza kununua ng'ombe ambaye baba yake hakumpa. Mshahara, hata ukiwa mdogo wa kuchekesha, ulikuwa na uzito ambao haukuonekana katika karatasi ya mlipaji: ulinunua miaka ya kungoja.

Ndiyo sababu watu walikubali ujira ambao haukutosha kumweka mtu na mkewe. Wenye kuajiri nao walilijua jambo hili vizuri. Mshahara wa Mwafrika, katika makoloni yote ya upande huu, ulihesabiwa kwa mtu mmoja asiye na mke: chakula chake, blanketi lake, kodi yake, na kidogo cha kurudi nacho. Mke, watoto na wazee walihesabiwa kuwa wana shamba. Kamati iliyoongozwa na Carpenter kule Kenya mwaka 1954 ilipopendekeza kwamba mshahara wa mjini uondolewe polepole katika kipimo cha kapera na kuwekwa katika kipimo cha mtu na jamaa yake, ilikuwa yakiri kwa maandishi ya serikali jambo ambalo kila kibarua alikuwa akilijua tumboni. Shamba lilikuwa likiulipia mgodi. Gunia la mpunga lililoliwa na watoto wa mchimbaji kule nyuma lilikuwa sehemu ya mshahara ambayo mwenye mgodi hakuitoa.

Sasa na arudi msomaji kwa Utubora. Yeye aondoka katika mshahara kuingia katika shamba, na kitabu chamsifu kana kwamba ametoka katika mnyororo. Kwa macho ya Kyela, amehama tu kutoka chumba cha mbele kwenda chumba cha nyuma cha nyumba ile ile. Angalikuwa na mdogo wake katika machimbo, jembe lake lingalikuwa likimsaidia mwenye machimbo kulipa kidogo. Jambo hilo haliwezi kuonekana Busutamu, kwa sababu Utubora ni mtu wa peke yake, ambaye hana kundi la jamaa lenye kumgawa nusu huku na nusu huko. Shaaban Robert amemfungua kamba zote ili aweze kumwonyesha akichagua. Ni haki ya mwandishi wa hekaya kufanya hivyo. Lakini mhakiki naye ana haki ya kuhesabu kamba zilizofunguliwa.

Haifai, hata hivyo, kumwona mwandishi kuwa mtu aliyesifu umaskini wa wengine akiwa ameshiba. Shaaban Robert alikula mshahara wa ukarani tangu 1926, katika idara ya forodha kwanza, kisha katika idara nyingine za serikali, kwa zaidi ya miaka 30. Jembe kwake lilikuwa ndoto ya mtu aliyeketi mezani mwa ofisi. Aliyaandika maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu, na kazi ya kuajiriwa chini ya serikali ya wageni imo ndani ya kitabu hicho. Mtu akivisoma vitabu hivi viwili pamoja, ataona kwamba Utubora afanya kile ambacho karani yule hakukifanya mpaka uzee. Kukataa nyongeza mbele ya tajiri, kwa sauti ya upole, bila kuomba radhi: hiyo ndiyo tamu ya kitabu, na si mazao. Katika dunia ambayo Mwafrika mwenye kazi alitazamiwa kushukuru kwa kila senti, kumwandika mtu ambaye hanunuliki kulikuwa tendo kubwa. Wale wanaokidharau kitabu hiki kwa kuwa hakina mgomo wala mapambano wamekosa kusikia sauti hiyo.

Lakini heshima ya kukataa ni ya mtu mwenye pa kwenda. Shafi Adam Shafi, katika Kuli ya mwaka 1979, ameandika juu ya mtu asiye na pa kwenda. Kuli wa bandari ya Unguja hana shamba nyuma yake. Akiacha kazi leo, kesho hana chakula. Kwa hiyo njia yake ya kusema hapana ni mgomo, ule wa mwaka 1948, tena kwa pamoja. Riwaya hizi mbili huwekwa mara nyingi kama mapokezano: ya kwanza ikihubiri kuridhika, ya pili ikihubiri kudai. Yafaa zaidi kuziona kuwa zinasimulia watu wawili wenye mahesabu mbalimbali. Mwenye shamba huondoka; asiye na shamba hugoma. Na Mnyakyusa wa Lupa, aliye na shamba la baba kule nyuma na ng'ombe mbele, hakufanya la kwanza wala la pili. Alivumilia mpaka siku zake zitimie, akarudi kwao, akaenda tena. Mtu wa namna hii bado hajapata riwaya yake katika Kiswahili, ijapokuwa alikuwa mmoja katika maelfu.

Kutokuwapo kwake hakukuleta hasara katika fasihi peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati taifa lilipokumbushwa kwamba mzigo wa maendeleo ya miji huishia mabegani mwa mkulima, ilikuwa rahisi kumchora mwenye mshahara kama mtu anayekula jasho la mwenye jembe. Kwa karani wa juu wa Dar es Salaam maneno hayo yalikuwa na ukweli wake. Lakini huko Kyela mnyonyaji na mnyonywaji wangalikuwa mara nyingi kaka na mdogo wake, au mtu mmoja mwezi wa Julai na mwezi wa Novemba. Picha ya watu wawili iliificha picha ya nyumba moja.

Huenda msomaji akasema kwamba methali zimeyaona haya zamani. Methali za Kiswahili juu ya maskini ni nyingi, na zile kali zina ukweli wa kisu. Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba: hapa umaskini si ukosefu wa kitu, bali ni ukosefu wa kusadikiwa. Mkono mtupu haulambwi: mwenye kukosa hukosa hata mbwa wa kumfuata. Methali hizi zimetoka mijini mwa pwani, mahali pa biashara, pa mwungwana na mtumwa, ambapo mtu hupimwa kwa alichonacho mkononi na kwa jina la babake. Zinajua aibu ya mjini. Nazo zina dawa yake ya mjini: haba na haba hujaza kibaba. Ni shauri zuri kwa muuza duka. Kwa mtu wa mshahara mdogo ni dhihaka, maana kwake bandu bandu humaliza gogo kabla haba haijakifikia kibaba. Na ni ajabu kwamba vitabu vya shule hupenda kuifundisha ya kwanza na kuisahau ya pili.

Iko moja ambayo ikipelekwa Kyela hugeuka kabisa. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Pwani hii ni akili. Katika Unyakyusa uliosimuliwa na akina Wilson ingalikuwa karibu na kufuru. Huko watu walikaa vijijini kwa rika, si kwa ukoo. Wavulana wa umri mmoja walijenga pamoja, na walipokuwa wangali wadogo walikwenda kundi zima kula kwa mama wa huyu leo, kwa mama wa yule kesho. Kula pamoja na kuzungumza kwa furaha na wenzako kuliitwa ukwangala, na neno hilo lilikuwa na uzito wa wema, adabu na elimu kwa pamoja. Monica Wilson alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa jina lenye maana hiyo. Mtoto aliyekula peke yake alikuwa hajalelewa. Na mtu mzima mwenye ng'ombe aliyewanyima majirani nyama aliogopa pumzi yao: manung'uniko ya wanakijiji yaliaminiwa kuwa yaweza kumtia mtu ugonjwa.

Kwa imani hiyo, umaskini ni nini? Si kukosa mali. Ni kukosa cha kuweka kati mbele ya wenzako. Na utajiri ni nini? Ni hatari, mpaka uwe umegawanywa. Aibu ya mjini yasema: huna kitu. Aibu ya Kyela yasema: wala peke yako. Mshahara mdogo humpata mtu kwa aibu zote mbili mara moja, maana hautoshi kumfanya aonekane mwenye kitu huko aendako, wala hautoshi kulisha kundi hapo arudipo. Na fedha ina tabia ambayo maziwa hayana: yaweza kufichwa. Ng'ombe wa baba alionekana na kijiji kizima, lakini noti iliyoshonwa katika pindo la shuka haikuonekana na mtu. Yamkini hapo ndipo palipoanza kuchakaa adabu ya zamani, mapema kuliko katika jambo jingine lolote lililoletwa na wageni.

Godfrey Wilson aliiona nusu ya pili ya mambo haya mahali pengine. Alipotoka Unyakyusa alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, akachunguza maisha ya vibarua katika mgodi wa Broken Hill, ambao leo huitwa Kabwe, na matokeo yake yakatolewa katika sehemu mbili mwaka 1941 na 1942. Watu waliokula vibaya walikuwa wakivaa vizuri. Wazungu wengi waliona huo kuwa upumbavu. Wilson, ambaye alikuwa amekwisha ona watu wakihifadhi heshima yao katika ng'ombe, alielewa kwamba hapa heshima imehamia katika nguo: suti ilikuwa akiba, mahari, zawadi ya kupeleka nyumbani, na jibu kwa mtu mweupe mtaani. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wasema Waswahili, na mchimbaji yule alikuwa akinunua yake mwenyewe. Kurasa hizo zina ufahamu wa umaskini ambao riwaya nyingi za Kiswahili hazijaufikia, kwa sababu mwandishi wake hakuanza kwa kuuliza kama maskini ni mwema au mpotovu. Aliuliza anafanya nini na fedha yake, na kwa nini. Wilson alikufa mwaka 1944, kijana bado. Hasara ilikuwa kubwa.

Utubora Mkulima haiulizi swali hilo. Fedha katika kitabu hiki ni kishawishi, haihesabiwi, hukataliwa. Hesabu ya mwezi kwa mwezi, ya kiasi gani kimepatikana, nani amekuja kukopa, nani amenyimwa na akaondoka akinung'unika, si shughuli yake. Huu si upungufu wa kipaji. Shaaban Robert aliandika kwa mapokeo ya adili, ambamo mtu ni mfano na shamba ni hali ya moyo. Lakini yafaa mwanafunzi ajue kwamba mapokeo hayo hutoa kitu na kuchukua kitu. Yalimpa maskini uso. Yakamnyima daftari.

Na daftari lingali likihitajiwa. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo kuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, na cha mtumishi wa nyumbani akaaye kwa mwajiri wake kuwa 60,000. Msomaji na aiangalie hiyo ya pili. Mshahara wahesabiwa kwa kuwa mtu ana pa kulala na cha kula, yaani umehesabiwa tena kwa kipimo cha mtu mmoja, na kama ana mtoto, mtoto huyo yuko shambani kwa bibi. Aliyetoka safari hii mara nyingi ni binti, si kijana wa kiume wa Lupa. Mwenye jembe nyuma yake ni mama mzima.

Wanawake hawa hawana nafasi Busutamu wala bandarini mwa Kuli ila pembezoni. Ziwani wapo katikati. Chini ya Milima ya Livingstone, kuanzia Ikombe, wanawake wa Kikisi hufinyanga vyungu kwa mikono bila gurudumu, huvichoma, na kuvipeleka kwa mtumbwi kwenye soko la Lyulilo, karibu na Matema. Nchi yao ni mwamba na maji, haina bonde la mpunga; kwa hiyo chungu ndicho shamba lao. Hakuna amri ya mshahara inayomhusu mfinyanzi, wala tajiri wa kumwongeza, wala wa kumkataa. Siku ya soko hukaa mbele ya vyungu vyake na kungoja bei. Utubora angalimwonea fahari kwa jasho lake. Ni shaka kama angalimwuliza amepata ngapi.

Huko bondeni nako mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai, wakati ambapo kila mtu anao na bei iko chini. Aliye na akiba hungoja. Asiye nayo huuza upesi, na yuko ambaye aliuza zamani, mpunga ungali kijani shambani, kwa fedha ya ada za shule au ya dawa. Mchele ule wenye harufu hupakiwa katika malori ukaenda Mbeya na Dar es Salaam. Mwezi wa Machi, mvua zikishuka na ghala likiwa tupu, yuko aliyeulima ambaye sasa huenda kupalilia shamba la mwenzake kwa ujira wa siku, arudi jioni na unga wa mahindi. Akitokea mgeni saa hiyo, hupikiwa ugali, na mwenye nyumba husema polepole, bila kuulizwa, kwamba mchele ulikuwapo.